Jioni Moja ya Laika

Debe nilimwokota kituo cha daladala, wiki ya pili ya mvua za masika, akiwa amejikunja chini ya meza ya muuza karanga kama gunia lililosahauliwa. Wapiga debe walikuwa na kawaida ya kumtupia mabaki ya chipsi, naye kwa kuwashukuru alibwekea kila gari lililoingia kituoni, hata wakasema huyu ndiye mwenzao wa kweli maana halipwi na wala hadai. Jina lake limetoka hapo. Alikuwa jike, mdogo, mweupe, sikio moja limeraruka na mguu wa nyuma umechubuliwa na kitu ambacho sikutaka kukijua. Sikuwa na mpango wa kufuga. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, nalala chumba cha uani kwa mama yangu, na mali yangu yote ni daftari nne zenye riwaya ambayo haijafika mwisho. Lakini mvua ilipozidi nilimfunika kwa koti langu nikaenda naye nyumbani.

Mama alilitazama koti, akaona linatikisika.

"Huyo nani?"

"Mgeni, mama."

"Mgeni siku mbili," akasema. "Siku ya tatu huyu jembe atalishikaje?"

Tukaafikiana wiki mbili, mpaka nimpatie kwao. Bibi wa nyumba ya pili, mtu wa swala tano, akaomba mate ya mbwa yasikaribie ndoo zake, na hiyo ni haki yake. Basi Debe akawekwa upande wa nyuma karibu na jiko la mkaa. Afisa mifugo wa kata akamchoma sindano ya kichaa cha mbwa. Mguu ukaanza kupona. Kijiweni washikaji walinicheka mpaka wakachoka. Eti, "Unamlisha, unamtibu, halafu unampa mtu mwingine? Si bora ufuge tu?" Sikuwa na jibu. Kumlea mnyama ambaye si wako na hatakuwa wako, ili siku moja umkabidhi kwa mwenyewe, kwa wenzetu wa ng'ambo ni jambo lenye ofisi na fomu zake. Kwetu uani halikuwa hata na jina.

Jumapili moja alikuja baba mkubwa. Huyu ni mtu aliyesoma Moscow miaka ya sabini, Chuo Kikuu cha Lumumba, na mpaka leo chai yake huinywa ya moto kiasi ambacho mtu mwingine angeungua koo. Akamtazama Debe kwa muda mrefu, kikombe mkononi, kisha akasema:

"Huyu wangempeleka mbinguni."

Nikadhani ananitania.

"Jike, mdogo, mweupe, wa mtaani," akahesabu kwa vidole. "Ndio hasa waliokuwa wakiwatafuta."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika historia hii, msomaji mwenzangu: kwa mlango wa uani. Nimeisoma kila nilipoipata, na ninachokuandikia hapa ni kile kilichonikaa kooni.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini Umoja wa Kisovieti ulikuwa na roketi, kazi ya mhandisi Sergei Korolev na wenzake, lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama kiumbe chenye damu kinaweza kupanda nazo juu kikarudi kizima. Daktari mmoja wa jeshi la anga, Vladimir Yazdovsky, ndiye aliyepewa kazi ya kulijibu swali hilo. Wamarekani walikuwa wakitumia nyani. Warusi wakachagua mbwa. Mbwa walikuwa wamewazoea katika maabara zao tangu enzi za Ivan Pavlov, na mbwa hutulia afungwapo, wakati nyani hung'oa kila waya anaoufikia.

Ila hawakutaka mbwa wa kufugwa majumbani. Walitaka mbwa wa mitaa ya Moscow. Hoja yao ilikuwa kwamba mbwa aliyepitisha majira ya baridi ya jiji lile bila paa wala bakuli, na akabaki hai, amekwishafanya nusu ya mafunzo peke yake. Wakatafuta wenye uzito wa kilo 6 au 7, kwa kuwa roketi haina nafasi ya mnene. Wakataka majike, maana jike hainui mguu akojoapo, na vazi la kukusanyia uchafu lilikuwa rahisi kumshonea yeye. Wakapenda weupe au wa rangi ya kung'aa ili waonekane vizuri kwenye filamu. Ama kweli! Shida za mtaani ndizo zilizokuwa cheti chao. Sisi wengine tuliomaliza shule na division za kujificha tungefurahi sana kama kungekuwa na ofisi inayopokea cheti cha namna hiyo. Lakini ngoja kwanza uone kazi yenyewe.

Tarehe 22 Julai 1951 mbwa wawili, Dezik na Tsygan, walirushwa kutoka uwanja wa Kapustin Yar mpaka kiasi cha kilomita 100 juu, wakashuka kwa parachuti, wakatoka wazima. Waliowafungulia mlango walishangilia kama watu walioshinda bahati nasibu. Muda mrefu haukupita, Dezik akarushwa tena, safari hii na mwenzake aitwaye Lisa. Parachuti haikufunguka. Wote wawili walikufa.

Hapo kuna jambo dogo ambalo vitabu hulipita mbio. Baada ya kifo cha Dezik, Tsygan hakurushwa tena. Msomi Anatoli Blagonravov, mmoja wa wakubwa wa kazi ile, alimchukua akaenda kuishi naye nyumbani. Hakuandika nadharia wala hakutoa hotuba; alimchukua mbwa akaondoka naye. Kwa hiyo huyo mbwa wa mtaani, baada ya kuuona mwanga wa jua mahali ambapo hakuna mbwa mwingine aliyewahi kuuona, alipata mlango wa kubwekea.

Wapo pia waliojitafutia njia yao wenyewe. Septemba ya mwaka huohuo mbwa aliyeandaliwa, Bobik, alitoroka siku chache kabla ya kurushwa. Jamaa walipaniki, wakatoka nje, wakamkamata mbwa mwingine yeyote aliyekuwa akizurura karibu na kambi, wakamuosha na kumtia ndani ya roketi bila mafunzo yoyote. Akaenda, akarudi mzima. Wakampa jina la ZIB, herufi za kwanza za maneno ya Kirusi yenye maana ya mbadala wa Bobik aliyepotea. Nikimwazia ZIB hucheka peke yangu: asubuhi unatafuta mifupa jalalani, mchana uko juu ya mawingu, jioni umerudi, na hakuna wa kumsimulia.

Sasa tufike kwa Laika.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik ya kwanza, dunia nzima ikatega masikio kusikia mlio wake. Nikita Khrushchev, mkuu wa nchi, akaonja utamu wa sifa. Tarehe 7 Novemba ingekuwa miaka 40 ya Mapinduzi ya Oktoba, naye akataka kitu kingine cha kuwashangaza watu kabla ya siku hiyo. Hesabu mwenyewe: ulibaki kama mwezi mmoja tu. Wahandisi wakaamua kurusha chombo chenye mbwa kitakachoizunguka dunia. Namna ya kukipandisha walikuwa nayo. Namna ya kukirudisha hawakuwa nayo, na ndani ya siku hizo haikuwezekana kuipata. Kila aliyeshika spana katika kazi ile alijua kwamba mbwa atakayeingia humo hatoki. Wahenga walisema kiendacho kwa mganga hakirudi, ila yule kuku wa mganga walau hapigwi picha za magazeti kwanza.

Mbwa watatu waliandaliwa. Albina alikuwa amekwisharuka juu mara mbili na kurudi, tena alikuwa na watoto wadogo, na watu wa maabara walimwonea huruma. Mushka akatumika kujaribia mitambo. Aliyebaki ni jike wa miaka kama mitatu, mpole, wa uzito wa kilo 6 hivi, aliyeokotwa mitaani Moscow. Majina aliitwa mengi. Lililoshika ni Laika, ambalo katika Kirusi linatokana na kubweka: mbwekaji. Nilipolisoma hilo nilimtazama Debe, mpiga debe wangu, nikafunga kitabu kwa siku ile.

Kuna na la kwetu. Katika Kiswahili laika ni neno halisi. Ni ule unyoya mmoja mwembamba wa mwilini, unaosimama mtu asikiapo baridi au hofu. Wingi wake ni malaika. Warusi hawakujua kwamba wanampeleka juu kiumbe ambaye kwa lugha ya pwani ya Afrika jina lake akiwa peke yake ni unyoya, wakiwa wengi ni malaika. Sisemi kwamba lina maana yoyote. Nasema tu kwamba mwandishi akikutana na jambo la namna hiyo hawezi kulala.

Mafunzo yalikuwa ya kufungiwa. Waliwaweka katika vizimba vidogo, kisha vidogo zaidi, kwa muda wa kufikia siku 20, mpaka wazoee nafasi ambayo hawawezi kugeuka. Wengine waligoma kwenda haja kwa unyonge wa kufungwa. Waliwekwa kwenye mashine za kuzungushwa, wakasikilizishwa kelele za roketi, wakafundishwa kula chakula cha rojorojo kilichokuwa chakula na maji kwa pamoja.

Halafu ikaja jioni ile. Siku chache kabla ya safari, Daktari Yazdovsky alimchukua Laika akaenda naye nyumbani kwake, akamwacha acheze na watoto wake. Miaka mingi baadaye aliandika mwenyewe kwa nini: alitaka kumtendea jambo zuri, kwa sababu alijua muda uliobaki wa maisha yake ni mfupi.

Nimejaribu mara tatu kuiandika jioni hiyo kama sura ya riwaya. Mara ya kwanza niliweka zulia jekundu na jiko la kuni. Mara ya pili nikamweka mtoto wa kike mwenye utepe kichwani, anayemuuliza baba yake, "Tutabaki naye?" Mara ya tatu nikazichana zote mbili. Tunachokijua ni hicho tu: nyumba, watoto, mbwa, jioni. Kila nilichoongeza kilikuwa uongo wa kujifurahisha mimi. Lakini swali la yule mtoto wa kike niliyembuni halikuchanika pamoja na karatasi. Mbwa wa mtaani anapoingizwa ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza hafahamu kwamba ni kwa jioni moja. Debe usiku wake wa kwanza alizunguka uani mara kumi akinusa kila pembe, kisha akalala mgongo wake umeuelekea ukuta na uso umeuelekea mlango, na asubuhi nilipofungua alikuwa ameugeuza: mgongo mlangoni. Alikwisha kuamini. Ilimchukua usiku mmoja. Je, Laika aligeuka upande gani?

Tarehe 31 Oktoba aliingizwa ndani ya chombo, siku tatu kabla ya kurushwa. Kule kwenye uwanja wa roketi kulikuwa na baridi kali, wakaunganisha bomba la hewa ya moto ili asigande, na watu wawili wakawekwa kumwangalia muda wote. Kabla ya kuufunga mlango, mafundi walimbusu puani wakamtakia safari njema. Waliofanya hivyo walijua. Tarehe 3 Novemba 1957 Sputnik 2 ikapaa, chombo cha kilo 508, na ndani yake moyo mmoja unaopiga.

Vipimo vya moyo huo vilikuwa vikisomwa ardhini. Kabla ya safari ulipiga mara 103 kwa dakika. Wakati roketi inapanda ulifikia 240. Ulichukua muda mara tatu zaidi kutulia kuliko ulivyochukua kwenye mashine za mafunzo. Ukatulia, hata hivyo. Alikula kidogo. Lakini sehemu ya roketi haikuachana na chombo kama ilivyopangwa, na vifuniko vya kuzuia joto viliharibika, kukawa tanuri mle ndani: nyuzi 40. Kati ya saa tano na saa saba tangu kurushwa, alama za uhai zilikoma.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyosemwa ni mengine. Magazeti ya dunia yaliambiwa kwamba Laika yuko salama, anaendelea vizuri. Baadaye ikasemwa aliishi siku kadhaa, mpaka hewa ilipokwisha. Na ikasemwa pia kwamba alipewa sumu ya kumlaza kabla hajateseka. Uingereza watu walikuwa na hasira, chama kimoja cha kutetea mbwa kikaomba wananchi wanyamaze dakika moja kila siku kwa ajili yake. Walikuwa wakimwombea mbwa ambaye alikwisha kufa siku ya kwanza kabla jua la Moscow halijatua vizuri. Chombo chenyewe kiliendelea kuizunguka dunia na mwili wake mara 2,570, mpaka tarehe 14 Aprili 1958 kilipoungua angani. Ukweli wa zile saa chache ulitolewa hadharani mwaka 2002, huko Houston, na mwanasayansi Dimitri Malashenkov. Miaka 45 watu walikuwa wameshika kifo ambacho si chenyewe.

Mimi simlaumu Yazdovsky kwa jioni ile. Kuna wanaomwita mnafiki, wanasema afadhali asingemwonjesha mbwa kitu atakachomnyima. Nimelifikiria hilo sana na siafiki. Jioni ni jioni. Mbwa hana jana wala kesho kama tulizonazo sisi, na saa aliyocheza na watoto ilikuwa saa yake. Kinachonikaa kooni ni asubuhi iliyofuata, alipomfunga kamba akamrudisha. Mlezi wa muda ana deni moja lisilo na punguzo: kujua mikono anayomkabidhi. Yeye alijua, akakabidhi. Alikuwa ofisa, amri ilitoka juu, na tarehe 7 Novemba haikusogea.

Mimi nilikuwa karibu kumkabidhi Debe bila kujua kabisa, na hakuna aliyeniamuru.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili za mama zilikuwa zimekuwa nne. Akaja bwana mmoja na gari zuri, kaambiwa na muuza karanga kwamba kuna kijana anagawa mbwa. Anataka mlinzi wa ghala lake. Akanitolea noti mbele ya mama yangu, na mama akazitazama zile noti jinsi mtu anavyotazama karo na kodi. Nikasema sawa. Nikaenda kumleta Debe. Nilipokuwa namfunga kamba, jamaa akawa anamweleza mama namna anavyofuga: mbwa wake hufungwa mnyororo mchana kutwa kwenye kibanda cha bati, na chakula ni mara moja, tena kidogo, kwa sababu mbwa akishiba hulala na akiwa na njaa anakuwa mkali. Alisema kwa roho nyeupe kabisa, kama fundi anayeeleza mchanganyo wa saruji. Nikasimama na kamba mkononi. Debe alikuwa akitikisa mkia kwa sababu kamba kwake ilimaanisha kutembea. Nikamwambia yule bwana samahani, nimebadili mawazo.

"Unajua kuringa wewe," akasema, akarudisha noti zake.

Mama hakunisemesha mpaka usiku. Usiku akasema, "Mwanangu, zile zingelipa umeme." Ni kweli zingelipa.

Niliporudi kwenye vitabu niligundua kwamba nilikuwa nimeusimamisha usomaji wangu mahali pabaya, pale kwenye moto. Historia ya mbwa hawa haikuishia kwa Laika. Wengine zaidi walikufa: Mushka, yule wa kujaribia mitambo, aliruka tarehe 1 Desemba 1960 na mwenzake Pchyolka, hawakurudi. Lakini siku hizo kurudi kulikuwa kumeanza kuwezekana. Agosti 1960 Belka na Strelka walizunguka dunia siku nzima wakashuka wazima, viumbe wa kwanza wa aina yao kwenda kwenye mzunguko na kurudi. Na tarehe 22 Desemba mwaka huo wakarushwa Damka na Krasavka.

Safari yao iliharibika katikati. Roketi ya juu ilikatika nguvu, chombo kikaanguka Siberia, kwenye msitu wa theluji. Ndani yake kulikuwa na baruti ya kukilipua baada ya saa 60, ili siri zisiangukie mikono ya wageni. Wakatumwa watu kukitafuta, baridi imeshuka nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri. Walipokifikia, vioo vilikuwa vimeganda, wakagonga, kimya. Giza liliingia. Kesho yake wakakirudia, ndipo wakasikia kubweka. Wakawavisha mbwa ngozi za kondoo, wakawapeleka Moscow. Wote wawili wazima.

Krasavka alichukuliwa na mwanasayansi Oleg Gazenko, mmoja wa watu waliomwandaa Laika. Akakaa naye nyumbani na familia yake, akazaa, akazeeka, akafa baada ya miaka 14. Jaribu kuhesabu jioni zilizomo ndani ya miaka 14. Mwaka 1998, akiwa mzee, Gazenko alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba kadiri miaka inavyopita ndivyo anavyozidi kusikitika juu ya Laika, na kwamba safari ile haikuwafundisha mengi kiasi cha kuhalalisha kifo chake. Wengi wameandika juu ya maneno hayo. Mimi naona nusu ya kwanza ya maneno hayo alikwisha kuisema zamani, bila kufungua mdomo, siku alipompeleka Krasavka kwake.

Na Strelka? Alizaa watoto sita. Mkutano wa Vienna, Juni 1961, mke wa Rais Kennedy aliketi karibu na Khrushchev kwenye karamu, akauliza habari za watoto wa Strelka kwa kukosa la kusema. Haikupita muda mrefu Ikulu ya Marekani ikapokea mtoto mmoja wa mbwa, mweupe, zawadi kwa binti wa Kennedy. Wamarekani walimpima kwanza kama hakutiwa vinasa sauti. Jina lake Pushinka, na hapa naomba uniwie radhi kwa kurudia mambo ya lugha, maana neno hilo la Kirusi ni unyoya mmoja mwororo. Yaani laika. Pushinka akazaa na mbwa wa mle ndani aitwaye Charlie, na watu wa Marekani wakaandika maelfu ya barua kuomba watoto wake. Wawili wakapelekwa kwa watoto wa mikoani. Kennedy alipouawa Novemba 1963 na familia ikahama, Pushinka mwenyewe alikabidhiwa kwa mtunza bustani wa Ikulu. Wajukuu wa mbwa aliyekuwa akilala vichochoroni Moscow! Na ambaye hatimaye alimpa Pushinka pa kuzeekea alikuwa mtu wa jembe. Nilimsomea mama sehemu hiyo. Akacheka, wa kwanza kucheka tangu siku ya ghala.

Laika alijengewa sanamu Moscow mwaka 2008: roketi inayogeuka kuwa kiganja cha mkono, naye amesimama juu ya kiganja.

Wiki ya saba baba mkubwa alinipigia simu. Kuna mwalimu mstaafu, jirani wa rafiki yake, anakaa Kibamba; mke amefariki, watoto wako mbali, ana kuku na mwewe wanammaliza. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwanza bila mbwa. Nikaenda. Nikaangalia bakuli za kuku kama zina maji. Zilikuwa na maji. Nikauliza mbwa atalala wapi, mzee akanionyesha baraza ya nyuma na gunia alilokwisha kulitandika, na akaniuliza mimi maswali mengi kuliko niliyomuuliza yeye.

Jumamosi nikamchukua Debe. Daladala mbili zilitukataa, tukaenda kwa bajaji, na njia nzima alitoa kichwa nje akibwekea magari kama siku zake za kituoni. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa maelezo: kwamba anaogopa radi, kwamba mguu wa nyuma humsumbua asubuhi za baridi, kwamba hapendi kufungwa, tarehe aliyochanjwa, kwamba akiitwa kwa ukali haji, akiitwa kwa kawaida anakuja.

Mwalimu alivaa miwani, akaisoma karatasi yote mpaka chini, amesimama pale uani, Debe akinusa viatu vyake. Kisha akatoa kalamu mfukoni. Mahali nilipoandika "amelelewa kwa mda wa wiki saba" akaongeza herufi u, ikawa muda, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni pamoja na kalamu.